Dau la tanga kutoka Mtwara mpaka Kilwa Masoko, tuondoke lini na tulale wapi?

KakaWaFeri
Wakuu salama humu? Naomba wenye uzoefu wa bahari ya kusini mnisaidie maana nyumbani tumeshabishana mpaka mke wangu katuambia tukabishane nje.

Iko hivi, kuna dau nimelinunua Msangamkuu, futi 22 hivi, mlingoti mmoja tanga moja, mbao nzima kabisa ila limekaa juu mchangani toka mwaka jana. Sio langu la kutumia, ni la mdogo wangu anaishi Kilwa Masoko anafanya mambo ya pweza na ngisi. Nikaulizia fuso la kulipeleka, bei niliyotajiwa inakaribia nusu ya bei ya dau lenyewe afu dereva anasema mbao ikipasuka njiani yeye hahusiki. Ndo likaja wazo kwamba kwani chombo si kinatembea chenyewe, kwanini tukipakie kwenye gari.

Nahodha ni shemeji yangu. Anavua toka mdogo ila mambo yake ni humu humu, Mikindani, Msangamkuu, mwisho kabisa Mgao. Yeye anasema kusi (upepo wa kutoka kusini) likishika mwezi wa saba tunatoka Mtwara jioni tunatembea usiku kucha bila kusimama, kesho yake jua likizama tupo Kilwa. Mimi naona tutembee mchana tu, usiku tulale bandarini, Lindi, Mchinga, popote. Yeye anasema kulala lala njiani ndo kunaleta matatizo, mimi naona giza ndo linaleta matatizo.

Tutakuwa watatu, mimi, yeye na kijana mmoja. Injini hatuna. Nani yuko sahihi hapo? Na kama kuna kitu tumekisahau semeni tu, hata mkinitukana sawa ilimradi mnielekeze.

korosho_boy
Mkuu lipa fuso. Hiyo hela unayookoa utaitumia kununulia panadol.

Utopolo wa Shangani
Picha za dau ziko wapi? Uzi bila picha mi siusomi.

NahodhaMstaafu
KakaWaFeri mwanangu, hongera kwa kuuliza, wengi siku hizi wanauliza wakiwa wameshatweka tanga.

Nianze na ubishi wenu. Wewe na shemeji yako wote mnawaza kwenda. Kwenda Kilwa na kusi wala sio kazi, upepo unakusukuma na maji yanakusukuma, maana huku kwetu mkondo unakwenda kaskazini mwaka mzima. Ule mkondo mkubwa unaotoka huko kati ya bahari ya Hindi ukifika karibu na mpaka wetu na Msumbiji unagawanyika, mmoja unashuka kusini mwingine unapanda pwani yetu, na kusi likivuma ule wa kupanda unazidi nguvu. Kwahiyo kazi yenu itakuwa KUINGIA. Ukiupita mlango wa ghuba kwa kuzubaa, kurudi ni kwenda bisho dhidi ya upepo na mkondo vyote viwili, na dau la futi 22 lenye bahari nzito mbele halikupi kitu, mtabisha mpaka jua lizame na mtajikuta bado mko kaskazini ya pale mlipotaka. Sasa jiulize mwenyewe, mlango wa Lindi au wa Kiswere utauona vipi saa nane za usiku kwa mtu ambaye mwisho wake Mgao? Hapo shemeji yako mwambie nimesema shikamoo ila hapana.

La pili ni huo mwezi wa saba. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane kusi ndo liko kwenye nguvu zake. Na angalia ramani, pwani kutoka Mtwara kwenda Lindi haiendi kaskazini, inalala kaskazini magharibi. Kusi linatoka kusini mashariki. Maana yake hicho kipande cha kwanza chote upepo uko mgongoni moja kwa moja, na watu wasiojua wanafikiri upepo wa mgongoni ndo raha. Kwa tanga letu hili la foromali (boriti linalobeba tanga) upepo wa mgongoni ndo unataka macho zaidi kuliko wowote. Wimbi linakuja kwa nyuma linainua tezi (nyuma ya chombo), dau linageuka kidogo, mshika kana (mkono wa msukani) akisinzia upepo unaingia nyuma ya tanga, tanga linaruka upande wa pili na foromali yake, na hapo ama mlingoti unakwenda ama dau linalala. Sio hadithi hiyo.

Ndo maana msiende upepo uwe mgongoni kabisa. Shika njia ambayo upepo unapiga bega la nyuma la chombo, nenda hivyo kwa muda, afu geuza tanga kwa hiari yenu uende upande mwingine. Njia inakuwa ndefu kidogo lakini mnafika. Na kugeuza kwenyewe nadhani shemeji anajua ila nakuandikia wewe ambaye utakuwa unavuta kamba: mnapunguza henza (kamba ya kupandishia tanga) kidogo, foromali inasimamishwa wima ikumbatie mlingoti, demani (kamba ya kona ya chini ya tanga) inaachiwa yote tanga linapepea mbele ya omo (mbele ya chombo) kama nguo ya kamba, mmoja anaishika demani anaizungusha kwa MBELE ya foromali mpaka upande wa pili, na kamba za kushikilia mlingoti zinahamishiwa upande unaotoka upepo kabla tanga halijajaa tena. Mkifanya kinyume mlingoti hauna wa kuushika. Fanyeni hilo zoezi humo ndani Mikindani mpaka yule kijana alifanye bila kuambiwa. Upepo ukizidi msigeuze kabisa, tua tanga lote, geuza chombo kwa kasia, tweka tena upande wa pili.

Ukishaipita Lindi mambo yanakuwa mepesi kidogo maana pwani inaelekea kaskazini zaidi, kusi linakuja kwa bega la kulia nyuma, hapo ndo dau linakwenda kwa raha yake.

Kwa maoni yangu subirini mwezi wa tisa. Kusi bado lipo lakini limepungua makali, asubuhi bahari inakuwa imetulia mpaka saa nne hivi ndo upepo unaamka. Mkichelewa sana mpaka wa kumi na moja mtakutana na maleleji, mnakaa katikati ya bahari tanga limening'inia, na kwa sababu hamna injini mtasukumwa na mkondo tu.

Na siku ya kuondoka msiangalie kalenda ya ukutani, angalieni mwezi. Nendeni wakati wa bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana), mwezi mwandamo au mpevu ukishapita siku moja mbili. Pwani yetu hii siku za bamvua maji yanajaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, yanakupwa kwenye saa nne. Kwahiyo mkitoka saa kumi na moja alfajiri maji yanayotoka yanawatoa wenyewe mlango wa Mtwara, na umande, ule upepo wa alfajiri wa kutoka bara, unawasaidia. Mnatembea, mnafika mlango wa Lindi saa nane saa tisa wakati maji yanaingia, yanawapokea. Mkienda wakati wa maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) ni kinyume chake, alfajiri mnapambana na maji yanayoingia. Na Lindi mlangoni msiingie maji yakiwa yanatoka, yale ya mto Lukuledi yanakuja na kasi yanagongana na mawimbi ya kusi, panachafuka vibaya.

Mtwara Lindi kwa bahari ni kama maili 35 mpaka 40 za baharini. Dau dogo na upepo mzuri noti nne, tano, yaani maili hizo kwa saa. Piga hesabu mwenyewe.

KakaWaFeri
Shikamoo mzee wangu. Aisee asante sana, nimemsomea shemeji yote, kanyamaza afu akasema "huyo mzee ni wa Mikindani nini?" 😂 Lakini mwezi wa tisa kakubali kwa shingo upande.

Maswali mawili. Moja, dau litakuwa tupu, hatuna mzigo, wengine wananiambia tupu ndo zuri linakuwa jepesi. Mbili, ukisema tulale Lindi, tukitoka Lindi ni Kilwa moja kwa moja?

NahodhaMstaafu
Marahaba. Hao wanaokwambia tupu ni zuri waambie wapande wao. Dau tupu na tanga kubwa linalala hata kwa upepo wa kawaida. Wekeni farumi, viroba vya mchanga, visiwe mawe yanayobingirika, vipangwe chini kabisa katikati ya chombo, vikae juu ya mbao sio kwenye ngama (chini kabisa yanapokusanyika maji) moja kwa moja maana kiroba kikipasuka mchanga unaziba pale mnapofua maji. Msijaze mpaka linakuwa zito haliinuki na wimbi. Na viroba mvifunge.

Kutoka Lindi mpaka Kilwa Masoko ni zaidi ya maili 60, kwa mchana mmoja hamfiki labda upepo uwe wa ajabu. Mchinga ni kipande kifupi, kinawafaa mkichoka. Kiswere ndo kificho kizuri zaidi, mkiwa mmeingia ndani kusi haliwaoni. Kati ya Mchinga na Kiswere kuna mto Mbwemkuru unamwaga, maji yanakuwa na rangi ya tope, msishangae mkadhani ni fungu la mchanga, ila msisogee sana pwani pale.

Dada wa Sudi
Mzee na heshima zako zote, mbona Sudi umeiruka? 😅 Sudi ni karibu sana na Mtwara, masaa matatu manne mmefika. Kwa watu ambao hawajawahi kutoka nje na hilo dau, siku ya kwanza ingekuwa fupi, walione chombo lina tabia gani, linavuja wapi, kijana anatapika au hatapiki, wakilala Sudi kesho yake wanaenda Lindi wakiwa wanajua. Huku tunakuja na kutoka na mizigo ya dagaa kila siku hakuna anayelifanya kuwa jambo.

Na jamani jambo ambalo wanaume hamlisemi, mkifika kijiji msichokijua msijifanye mmefika kwenu. Shukeni, muulizeni mwenyekiti wa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia pwani) au hata wazee walioko pale kwenye mashua, semeni mnatoka wapi mnaenda wapi mmelala kwa sababu gani. Pwani yetu hii imeona mambo, chombo kigeni kikilala bandarini usiku bila kujitambulisha watu hawalali. Mkijitambulisha mnaletewa mpaka uji. Mtanunua samaki bei ya kuungwana na atapatikana wa kuwaonyesha pa kutia nanga.

Maji ya kunywa bebeni mengi kuliko mnavyodhani. Muhogo wa kuchemsha, mikate ya kumimina, tende, karanga, vitu vya kuliwa bila kuwasha moto. Juu ya dau futi 22 na wimbi la nyuma hakuna kupika.

NahodhaMstaafu
Dada wa Sudi, sijaidharau Sudi mwanangu, nina ndugu huko. Ila hesabu ya maji inakataa. Wakitoka Mtwara saa kumi na moja wakati wa bamvua watafika mlangoni Sudi saa mbili, saa tatu, maji ndo yanamalizia kutoka. Wataingiaje na tanga?

Dada wa Sudi
Si wanatia nanga nje kidogo wanakula, maji yakianza kuingia saa tano wanaingia nayo taratibu. Na maji yakiwa yamepwa ndo vizuri mzee wangu, mwamba wote unauona uko wapi na fungu liko wapi, kuliko kuingia maji yamejaa kila kitu kimefunikwa unajidai unajua njia. Sisi tunasema mgeni aingie maji yakianza kujaa, asiingie yakishajaa. Akikwama yakiwa yanajaa yanamnyanyua mwenyewe. Akikwama yamejaa tayari, amepwelewa mpaka alfajiri amelala ubavu.

NahodhaMstaafu
Hapo umesema. KakaWaFeri msikilize dada, siku ya kwanza Sudi. Ila hilo la kutia nanga nje liwe siku bahari imetulia, na upepo ukiamka mapema msisubiri, endeleeni Lindi.

MtuWaMsimbati
Mimi nna tofauti kidogo na wakuu. Wanawaambia washike pwani, sawa, lakini kushika pwani sana ndo kunawaua watu. Mwamba wetu umekaa kando ya pwani, kusi linapiga kuelekea nchi kavu, ukiwa karibu na kitu kikakatika, henza, demani, chochote, huna nafasi ya kutengeneza, dakika chache uko juu ya mwamba. Wakae mbali kidogo waione pwani vizuri lakini wawe na bahari ya kukosea. Afu wasogee wanapokaribia mlango.

Na injini tafuteni jamani hata ya kuazima, ndogo tu, mfunge kwa nyuma. Sio ya kutembelea, ni ya siku upepo umekufa mkiwa mlangoni mwa Kilwa, pale kati ya visiwa vya Songo Mnara na Kilwa Kisiwani maji yanakimbia sana na pande zote ni mwamba na mikoko. Pale ndo msiingie bila mtu anayepajua. Mdogo wako si yuko Kilwa? Aje na mtumbwi awapokee nje, au atafute mvuvi wa pale awaelekeze.

Kitu kingine, mwezi wa nane mpaka wa kumi nyangumi wanapita huku kwetu, wanakuja na watoto wao. Mkiwaona ni raha sana lakini msiwafuate kupiga video. Mama mwenye mtoto akiinuka chini ya dau la futi 22 hakuna atakayesimulia.

korosho_boy
Narudia, fuso.

KakaWaFeri
korosho_boy we changia fuso basi 😂

@MtuWaMsimbati nimekuelewa mkuu, injini ntaongea na jamaa mmoja. Mdogo wangu nimempigia anasema anamjua mzee wa Kisiwani anayeijua ile njia, atakuja naye.

Meneja Mizani
Kwa upande wa makaratasi nikusaidie. TASAC ndo wanaosimamia usalama wa vyombo hivi vidogo, wanakagua na kutoa cheti, sasa usianze safari ya mkoa hadi mkoa na chombo ambacho hakijakaguliwa wala hakina namba, mtasimamishwa Lindi mkakaa wiki. Na kwa kuwa umiliki unahama pitia pia ofisi ya uvuvi, barua ya mauziano iwe na muhuri wa serikali ya mtaa. Laifu jaketi tatu, sio mbili na dumu, TATU, na mzivae, watu wanakuja nazo zimefungwa kwenye mfuko chini ya mbao.

Taarifa za bahari TMA (mamlaka ya hali ya hewa) wanatoa kila siku, wanataja kasi ya upepo na urefu wa mawimbi ukanda wa Lindi na Mtwara. Wakisema upepo mkali, lala nyumbani. Watu wa huku tulizoea kusema vimbunga havitufikii, kumbe Lindi kimbunga kilishapiga toka Aprili 1952, halafu Aprili 2019 Kenneth akapita jirani hapo Msumbiji Mtwara nzima tukaambiwa tutoke mabondeni, na Mei 2024 Hidaya kakata barabara ya Kilwa tukabaki kisiwa. Mwezi wa tisa hamna shida ya vimbunga ila tabia ya kusikiliza redio ianze mapema.

Simu wekeni kwenye mfuko wa plastiki unaofungwa, na msitegemee mtandao baharini. Mwachieni mtu wa nchi kavu ratiba, kwamba siku fulani tukifika Sudi tutapiga, tusipopiga mpaka kesho yake mchana toa taarifa. Hakikisha huyo mtu sio korosho_boy.

Utopolo wa Shangani
Bado nasubiri picha.

KakaWaFeri
Wakuu mrejesho mfupi. Leo tumelishusha dau majini hapa Feri. Picha hiyo hapo Utopolo ufurahi. Maji yameingia mengi, tumefua na upo (kata ya kutolea maji) mpaka mikono inauma, shemeji anasema limekufa tulirudishe tukapige kalafati (kuziba nafasi za mbao) upya lote. Aliyeniuzia anasema tuliache tu. Nani mkweli?

NahodhaMstaafu
Aliyekuuzia. Chombo kikikaa juu jua linakausha mbao zinaachana. Liacheni majini limefungwa siku kadhaa, mkifua asubuhi na jioni, mbao zinywe maji zivimbe zenyewe. Likishatulia ndo mnaona pale panapovuja kweli, na hapo ndo mnapiga kalafati, pamba na sifa (mafuta ya papa), sehemu ile tu. Mkipiga sasa hivi lote, mbao zikivimba zitaitema pamba yote nje.

Ila naangalia hiyo picha, msukani umening'inizwa na vyuma viwili tu na cha chini naona kama kimeliwa na kutu. Badilisha hicho. Afu pitisheni kamba kutoka msukani mpaka ndani ya dau, wimbi la nyuma likiunyanyua usiende zake. Na kasia moja refu la akiba, refu kuliko hilo ninaloliona hapo kando, la kuongozea kwa tezi kama msukani umegoma. Pondo, ule mti wa kusukumia chini, halitawafaa, nje huko hamtafika chini.

KakaWaFeri
Sawa mzee. Kasia refu hivyo nani anachonga hapa Mtwara?

Dada wa Sudi
Njooni mlichukue Sudi, mtakuwa mnapita si ndio? Yupo fundi hapa, nitamwambia aanze. Nitumie urefu inbox.

NahodhaMstaafu
Dada, kasia la akiba linachukuliwa safari ya kwanza imeshaisha? Mchongee, ila alipande basi kuja Mtwara kabla hawajatoka.